Kulia Usiku Huu, Kungoja Miaka: Haraka na Subira Katika Sala ya Mkristo

Mgonjwa akishalazwa Bugando, hospitali kubwa ya Mwanza, ndugu zake hupokea mashauri mawili kabla hata majibu ya vipimo hayajatoka. Shangazi anapiga simu kutoka Magu: leo hakuna kulala, tunaingia kwenye maombi, Mungu atende usiku huu huu. Jioni, saa ya kuona wagonjwa, mzee wa kanisa anafika na kusema kwa upole: tumwachie Mungu, yeye ana wakati wake. Wote wawili wanaijua Biblia na wote wawili wana mstari wa kusomea. Anayeuguza anabaki katikati, hajui kama kulia kwake ni kukosa imani au kama kutulia kwake ndiko kukosa imani. Methali nazo hazimsaidii: subira yavuta heri, lakini ngojangoja huumiza matumbo.

Makanisa yetu ya Kanda ya Ziwa yamegawana mambo haya bila kukusudia. Mikesha ya Ijumaa kule Igoma na Buhongwa imebeba kilio. Wakatoliki, Waanglikana na Walutheri, wenye Jumapili nne za Majilio kila mwaka, majuma ya kungoja Krismasi, wamebeba zaidi kungoja. Kila upande ukimtazama mwenzake huona kasoro: hawa wanamlazimisha Mungu, wale wamelala. Ukirudi kwenye Maandiko yenyewe, mgawanyo huo haupo.

Chukua mfano wa mjane na kadhi dhalimu, Luka 18. Luka anataja lengo la mfano kabla hajausimulia: imewapasa watu kumwomba Mungu sikuzote, wala wasikate tamaa. Mjane yule hana wa kumsemea mbele ya kadhi asiyemcha Mungu wala kujali watu. Alicho nacho ni miguu ya kumpeleka kule kila siku na sentensi moja: "Nipatie haki na adui wangu." Kadhi anakubali kwa kuchoshwa tu. Yesu hasemi kwamba Mungu ni kama kadhi huyo. Anasema, ikiwa hata dhalimu husikia, sembuse Mungu kwa wateule wake wanaomlilia mchana na usiku? Mahubiri mengi huishia hapo. Lakini katika mstari wa 8, baada tu ya kuahidi haki "upesi", Yesu anauliza kama Mwana wa Adamu atakapokuja ataiona imani duniani. Swali hilo lisingekuwa na maana kama kila kilio kingejibiwa kabla jogoo hajawika. Kwa hiyo mfano unaohimiza kuomba bila kuchoka unajua tangu mwanzo kwamba kutakuwa na kuchelewa, tena kuchelewa kunakoweza kumaliza imani ya mtu.

Danieli yuko wazi zaidi. Katika sura ya 9 anasoma maneno ya Yeremia na kutambua kwamba uhamisho wa Babeli umewekewa miaka 70. Mtu angetegemea akunje mikono: muda umetajwa, kilichobaki ni kuhesabu. Yeye anafunga, anavaa gunia, anajipaka majivu, na sala yake inaishia kwa kumwambia Mungu asikawie. Kwake, kujua kwamba saa iko mikononi mwa Mungu ndiko kulikompa sababu ya kulia.

Hapo ndipo fundo linapolegea. Haraka ni wajibu wa mwombaji: aende sasa, aseme waziwazi, kesho arudi tena. Subira inahusu saa ya jibu, na saa hiyo ameishika Mungu. Vyote viwili vinatakiwa kwa mtu yule yule, siku ile ile, juu ya jambo lile lile. Mambo huharibika pale vinapobadilishana nafasi, mtu akawa na haraka juu ya saa ya Mungu na subira juu ya kuomba kwake mwenyewe.

Njia moja, wahitaji wawili

Marko 5 ndiyo sura inayoonyesha jambo hili kwa undani kuliko nyingine yoyote, na inastahili kusomwa polepole. Yesu ameshuka chomboni, yuko kando ya ziwa, umati umemzunguka. Anakuja Yairo, mkuu wa sinagogi, anamwangukia miguuni: binti yake mdogo yu katika kufa, aje amwekee mkono. Hiyo ni dharura kamili. Yesu hamwambii Yairo ajifunze kwanza kusubiri, wala hampimi imani. Anafuatana naye papo hapo.

Njiani anaguswa na mwanamke aliyetokwa damu miaka 12. Marko anatuambia amehangaika kwa matabibu wengi, ametumia vyote alivyo navyo, na hali imezidi kuwa mbaya. Ukipima kama wanavyopima wauguzi wa mapokezi, ugonjwa wa miaka 12 unaweza kungoja saa moja zaidi, na mtoto anayekata roho hawezi. Yesu anasimama. Anauliza ni nani aliyemgusa. Wanafunzi wanaona swali hilo halina maana katika msongamano ule, ila yeye anaendelea kutazama huku na huku mpaka mwanamke anajitokeza na kueleza kweli yote. Wakati bado anasema naye, watu wanafika kutoka kwa Yairo: binti yako amekwisha kufa, ya nini kuzidi kumsumbua mwalimu?

Msomaji asiruke haraka kwenda kwenye mwisho mwema. Kuchelewa kule kulikuwa kwa kweli, na mtoto alikufa kweli. Yairo hakupewa maelezo ya kwa nini mwingine amehudumiwa kabla yake. Alichopewa ni maneno machache, "Usiogope, amini tu," na Yesu mwenyewe akaendelea kutembea naye. Mwanamke naye hakuambiwa kwa nini miaka 12. Wahitaji hawa wawili, mmoja wa dakika na mmoja wa miaka, walimwendea Yesu kwa namna moja, kwa kumkaribia na kutaka kitu mahsusi. Saa zao zilitofautiana, na hakuna kati yao aliyeipanga.

Marko anamalizia na jambo la nyumbani kabisa: mtoto alipoinuka, Yesu aliagiza apewe chakula. Muujiza ulipokwisha, kazi ya jikoni ilibaki kuwa ya wazazi. Waombaji wa wagonjwa wanapaswa kuukumbuka mstari huo wa 43.

Haraka inapokaa mahali pasipo pake

Mfalme Sauli aliambiwa amngoje nabii Samweli Gilgali siku 7. Alingoja siku zote 7. Wafilisti walikuwa wamekusanyika, askari wake walikuwa wakitawanyika, na waliobaki hawakuzidi kama 600. Alikuwa na sababu ambayo kamanda yeyote angeielewa. Akatoa sadaka ya kuteketezwa mwenyewe, na mara alipomaliza, Samweli akatokea. Kosa lake halikuwa kumtafuta Mungu kwa nguvu. Alichukua tendo la ibada akalifanya chombo cha kuzuia watu wasiondoke. Hivyo ndivyo haraka juu ya saa ya Mungu inavyofanya kazi: ibada inageuka kuwa wenzo.

Sura hii ipo hai katika miji yetu. Mtu anaambiwa ndani ya siku 7 atapata kazi, au ndani ya mwezi atashika mimba, na kwamba sadaka fulani itaharakisha. Wenye kutamka hivyo husema wanajenga imani ya watu. Yeremia alikutana na mhudumu wa namna hiyo. Hanania alisimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote akatangaza kwamba vyombo vya hekalu vitarudi katika muda wa miaka miwili. Lilikuwa neno tamu, na lilitajwa kwa jina la BWANA. Yeremia aliwaandikia waliokuwa Babeli barua yenye habari ngumu zaidi: jengeni nyumba, pandeni bustani, oeni, ombeeni amani ya mji mliomo, kwa kuwa ni miaka 70. Madhara ya tarehe ya uongo yanaonekana ukisoma barua hiyo. Anayeamini ataondoka baada ya miaka miwili hapandi kitu wala hajengi. Kijana aliyeahidiwa kazi siku ya saba haendi kwenye usaili wa siku ya kumi. Siku ikipita kimya, lawama humwangukia yeye: imani yako ilikuwa ndogo. Hakuna anayerudi kumwuliza aliyetamka.

Kuhusu fedha, Maandiko hayana utata. Naamani alipotaka kumlipa Elisha kwa kuponywa ukoma, nabii alikataa, na mtumishi wake Gehazi aliyemfuata kwa siri akapokea talanta 2 za fedha na mavazi alirudi na ukoma. Sadaka ni sehemu ya ibada. Ada ya kuharakisha jibu si sadaka.

Hatari kubwa kuliko zote ni kuacha dawa. Mtu anaombewa, anajisikia nafuu, anatangaza ushuhuda, kisha anasitisha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, za kifafa, za presha, au za kifua kikuu ambazo kwa kawaida humezwa miezi 6 mfululizo. Virusi huongezeka tena, degedege hurudi, kifua kikuu hujenga usugu. Yesu mwenyewe hakuogopa uponyaji kukaguliwa. Wale wakoma kumi wa Luka 17 aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani, ambao kwa torati ndio walikuwa na kazi ya kuchunguza na kuthibitisha. Aliyeombewa leo aendelee na dawa, arudi kliniki tarehe yake, apimwe, na daktari ndiye aamue kama dozi ipunguzwe. Ushuhuda ukitolewa baada ya hapo haupungui utukufu.

Subira ya uongo

Upande wa pili husemwa mara chache, na huumiza vilevile. Israeli wakiwa mbele ya bahari, farao nyuma yao, Musa anawaambia wasimame tu wauone wokovu wa BWANA. Mstari huo, Kutoka 14:13, umeandikwa kwenye kuta nyingi za nyumba. Mstari wa 15 hauandikwi: Mungu anamwuliza Musa kwa nini anamlilia, awaambie watu waendelee mbele. Kuna saa ambayo kungoja kumekwisha na kinachotakiwa ni kutembea.

Mtoto mwenye homa kali anayepata degedege hangojewi. Apelekwe kituo cha afya sasa hivi, na maombi yafanyike kwenye bodaboda au ndani ya gari. Familia zinazotoka Sengerema na Geita zinalijua jambo hili vizuri: kabla ya daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa Juni 2025, wengi walisali wakiwa foleni ya kivuko, na hakuna aliyeona sala ile kuwa pungufu kwa sababu mgonjwa alikuwa njiani kwenda Bugando.

Vivyo hivyo mwanamke anayepigwa nyumbani. Akiambiwa "vumilia, mwanangu, endelea kuomba, atabadilika," kanisa limeita woga wake subira. Mjane wa Luka 18 alimwomba kadhi haki, na kadhi ni mahakama. Kuripoti kwenye dawati la jinsia polisi, au kuhamia kwa ndugu mpaka usalama upatikane, hakuondoi ombi la kumwombea mume atubu. Ombi hilo linaweza kuendelea miaka mingi kutoka mahali salama.

Ipo pia subira ambayo kwa kweli ni uchovu. Mtu aliomba kwa machozi, hakuona kitu, sasa anasema "mapenzi ya Mungu yatimizwe" kwa sauti ya aliyekwisha kukata tamaa. Gethsemane Yesu alitanguliza ombi lenyewe, kikombe kimwepuke, ndipo akasema "si kama nitakavyo mimi", na akarudia mara 3. Anayeanza na kumalizia kwa "mapenzi yako" bila kusema anachotaka hajanyenyekea bado. Hajaomba. Zaburi ya 13 ina mistari 6 tu, na miwili ya kwanza inauliza "hata lini" mara 4. Ni zaburi ya ibada, iliyotungwa iimbwe.

Ombi la usiku mmoja na ombi la miaka

Pale Malimbe, Nyegezi, kipo chuo kikuu chenye jina la Mtakatifu Augustino, mwalimu mkubwa wa Kanisa la kale. Mama yake, Monika, ndiye mwalimu bora wa somo hili nje ya Biblia. Alimlilia mwanawe kwa miaka mingi, kijana akiwa ameacha imani ya mama yake. Askofu mmoja aliyeombwa azungumze na kijana alikataa, akamshauri amwache kwa sasa na aendelee kumwombea. Huo ni ushauri wenye vipande viwili, usibane na usiache.

Mwaka 383 Augustino aliamua kusafiri kwa meli kutoka Karthago kwenda Roma. Monika alimfuata hadi pwani, akiogopa kwamba huko atapotea kabisa. Augustino akamdanganya mama yake, na usiku Monika akiwa katika kanisa dogo karibu na bandari akisali asiondoke, meli ikang'oa nanga. Asubuhi alipiga mayowe ufukweni. Kwa kipimo chochote, sala ya usiku ule ilikataliwa. Lakini safari ile ndiyo iliyomfikisha Milano, kwa askofu Ambrosi, aliyembatiza usiku wa Pasaka mwaka 387. Augustino mwenyewe, katika Maungamo yake, anaandika kwamba Mungu hakumpa mama yake alichokiomba wakati ule ili ampe alichokuwa akikiomba siku zote.

Tofauti hiyo ina matumizi ya kila siku. Chini ya kila ombi la haraka huwa kuna ombi refu. "Apate visa mwezi huu" imebeba "maisha yake yatulie". Mtu aombe la juu kwa nguvu zote, ila alijue pia la chini na alitaje kwa maneno, kwa sababu la juu likikataliwa, la chini bado liko mezani. Wengi huacha kusali kwa sababu walikuwa na la juu tu. Nasi tunaona msemo maarufu kwamba Mungu hujibu "ndiyo, hapana au ngoja" unarahisisha mno: aliye ndani ya kimya hawezi kutofautisha hapana na ngoja. Kwa hiyo anaendelea kuomba mpaka jambo lenyewe lifungwe.

Namna ya kufanya

Kwa dharura, andika ombi kwa sentensi moja yenye jina na jambo: "Bwana, damu ya mama isimame kabla ya upasuaji wa kesho." Sentensi ndefu huzaa kupayukapayuka, jambo ambalo Mathayo 6:7 inalikataza. Gawaneni saa. Watu 6 wakishika saa moja moja kuanzia saa tatu usiku, mnafika saa tisa bila mtu kuishiwa nguvu, na kila mmoja anaweza kusali nyumbani kwake. Anayelala wodini na mgonjwa asiwekwe kwenye zamu. Mikesha inayokosea huanzia hapo: siku ya tatu muuguzaji anasinzia saa ya dozi, au hasikii daktari alichoagiza asubuhi.

Kufunga kuwe na kikomo kilichotajwa kabla ya kuanza, na maji yanywewe. Kanuni ya Kanisa Katoliki ni ya kiasi na inafaa kujulikana na wengine: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa wenye miaka 18 hadi 59, mlo mmoja kamili kwa siku na vitafunwa viwili vidogo visivyofikia mlo. Wajawazito, wanaonyonyesha, wenye kisukari au vidonda vya tumbo na wanaomeza dawa kila siku wasifunge chakula bila kuongea na daktari. Wafunge simu, televisheni au soda, na kilichookolewa kiende kwa mwenye njaa kama Isaya 58 inavyotaka.

Kwa ombi refu, nguvu ya mkesha haifai, kwa sababu haiwezi kudumu. Chagua siku moja ya juma na muda usiozidi nusu saa. Tumia daftari lenye safu tatu: tarehe, ombi, na kazi yangu. Safu ya tatu ndiyo wengi huisahau. Yakobo 5:7 inamtolea mfano mkulima angojaye mvua ya kwanza na ya mwisho, na mkulima wa Misungwi hahitaji kuelezwa kwamba anayengoja vuli bila kuandaa shamba hana anachongoja. Nehemia alifunga na kusali tangu mwezi wa Kisleu hadi Nisani, kama miezi 4. Mfalme alipomwuliza anataka nini, alisali kwa pumzi moja kabla ya kujibu, kisha akataja muda wa safari, barua za kupita kwa maliwali, na miti ya malango. Alikuwa amekwisha kupiga hesabu.

Novena, yaani sala ya siku 9 mfululizo, inafuata siku ambazo mitume walidumu katika sala kati ya Kupaa na Pentekoste. Inakosewa pale mtu anapoamka siku ya kumi akidai jibu. Siku 9 zimewekwa kwa ajili ya mwombaji, zimsaidie kutoacha njiani. Hazikuwekwa kwa ajili ya Mungu.

Kuacha nako kuna utaratibu. Paulo aliomba mara 3 mwiba wa mwilini umtoke, akajibiwa "Neema yangu yakutosha", akaacha. Daudi alifunga siku 7 kwa ajili ya mtoto wake mgonjwa, akilala chini usiku kucha. Alipoambiwa mtoto amekufa, aliinuka, akaoga, akaingia nyumbani mwa BWANA akasujudu, kisha akala. Watumishi walishangaa, yeye akaeleza: mtoto alipokuwa hai, nani angejua kama BWANA angemhurumia? Aliomba kwa nguvu zote mradi mlango ulikuwa wazi, na ulipofungwa hakuendelea kuugonga.

Jumuiya au kikundi cha maombi kiwe na mtu mmoja wa kusoma orodha kila juma na kuuliza jipya juu ya kila jina. Ombi lililojibiwa liandikiwe tarehe na lisomwe mbele ya waliolibeba. Aliyefariki asifutwe kimya kimya. Jina lihamie orodha ya familia za kutembelewa, wiki ya pili, mwezi wa kwanza na mwezi wa tatu baada ya mazishi, na kila safari itajwe mapema nani anakwenda na nauli ya daladala inatoka wapi.